Nilivyokwenda na Bendera Dukani

Torkild, lile duka la kompyuta sirudi tena!

Si mabango ya klabu niliyotengeneza yalitoka na bendera ya Denmaki ya pinki? Laptop yangu inadanganya rangi, na nikikosea tena kazi anapewa mwingine. Leo nikabeba bendera halisi, niipime kwenye kila skrini nione wapi wekundu ni wa kweli.

Nikasahau kwetu Denmaki mwenye bendera ndiye mwenye bethdei.

Muuzaji akapiga kelele: "Heee, mzee wetu kazaliwa leo!"

Duka zima likaniimbia. Torkild, DUKA ZIMA!

"Unatimiza mingapi, babu?"

Ningesemaje? "Sabini na mbili."

Wekundu nimeupata, kwenye ile laptop nzito ya skrini isiyong'aa. Nimeinunua.

Ila kwenye karatasi ya garantii muuzaji kaandika bethdei yangu ni leo, nimekuwa mdogo kwa miezi mitano.