Amina Iliyotoka Jukwaani

Dada mpenzi,

Salamu hizi zikukute mzima hapo hospitalini, na zamu zisiwe zimekumaliza. Mguu wako unaendeleaje? Sisi huku hatujambo, ila mimi nimezidi kwa furaha. Mdogo wako ni mke wa mtu! Tangu Jumamosi naamka mapema nimtazame tu anavyolala. Cheka, lakini ndivyo.

Najua umeumia kunyimwa ruhusa ya kuja, kwa hiyo nakusimulia tangu mwanzo.

Mara tu ulipohama, Chama kilitangaza kwamba vijana wasikusanyike siku za kazi isipokuwa wanazalisha mali. Kwaya yetu ya parokia ingekufa hivihivi. Mwalimu wetu wa kwaya akatuandikisha kama kikosi cha kufyatua matofali! Basi mazoezi yakahamia nyuma ya kanisa: sauti ya kwanza tunakanyaga udongo, ya pili wanafyatua, ya tatu wanabeba, besi wako kwenye tanuri. Paroko alitania kwamba kwa mwendo huu hata watoto watabatizwa kwa tofali.

Ofisi ya Chama ikamtuma katibu wa vijana atusikilize, kama nyimbo zetu zina neno baya juu ya serikali. Ndiye huyo, dada! Mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi, kila jioni anakaa juu ya rundo la matofali na uso mkavu. Tukambandika jina la Mnara. Shoga yangu wa sauti ya pili akanionya nisimwangalie hivyo, maana macho yangu hayana pazia. Nilishachelewa. Siku moja aliniuliza kwa nini huivuta sana Amina ya mwisho. Nikamjibu kwamba kitamu hakimezwi haraka. Akacheka! Nikajua nimekwisha.

Kisha akaja mgeni mkubwa kutoka makao makuu, tukaamriwa tumwimbie wimbo wa Chama uwanjani. Mwalimu alituambia wazi kwamba tukiharibu, kwaya inafungwa. Tuliimba mpaka nywele zikasimama. Tulipomaliza, mazoea yana taabu, tukaitikia sote kwa sauti zote nne: Amina! Uwanja mzima ukanyamaza. Na katika kimya kile ikasikika besi moja iliyochelewa, Aaamina, nzito, ikitoka jukwaani nyuma ya mgeni. Ni Mnara! Mazoezi yetu yalikuwa yamemwingia mpaka kooni.

Watu wote wakamgeukia. Akasimama, jasho linamtiririka, akamweleza mgeni kwamba hivyo ndivyo vijana wa hapa wanavyopitisha azimio kwa kauli moja. Mgeni akacheka mpaka akashika tumbo, akasema laiti kamati yake nayo ingeitikia hivyo. Kwaya ikapona. Wiki ileile Mnara akaja kuniposa kwa Baba.

Siku ya harusi kwaya yote iliimba na udongo ungali kwenye kucha. Paroko aliponiuliza kama nimemkubali, nilijibu kabla hajamaliza swali; kanisa zima likaangua kicheko.

Sasa dada, keti kwanza. Nilimwambia Mama kwamba wakubwa walimruhusu mume wangu kufunga ndoa kanisani. Si kweli. Walimwambia achague, ukatibu au altare. Ijumaa aliweka funguo za ofisi mezani kwao, akaja kwangu anapiga mluzi. Tangu Jumatatu anachochea moto kwenye tanuri pamoja na besi wenzake. Nyumba ya ofisi imerudi kwa wenyewe. Tunakaa chumba kimoja nyuma ya zahanati, kitanda kimegusa kuta zote mbili, nami sijawahi kulala pazuri hivi. Lakini Mama bado anawatambia majirani kwamba mkwewe ana ofisi yenye feni! Kila nikifungua mdomo nimwambie, nashikwa na kicheko, kisha machozi. Wewe anakusikiliza. Mwandikie, nakuomba. Mwambie feni imebaki ofisini, mwanamume nimemleta mzima.

Shemeji yako anakusalimu kwa mikono iliyojaa masizi. Wasalimu wauguzi wenzako, na uupumzishe huo mguu.

Akupendaye kupita kiasi,
Kitindamimba, mke wa mtu