Maji ya Moto ya Neema

Shikamoo Mama,

Dukani Tunduma nimepata kadi hii tu, yenye picha ya malori. Mjukuu wako hajambo, ana paji lako la uso. Shida ni mama yake, Neema. Sindano ya ganzi waliyomchoma mgongoni wakati wa upasuaji wa kujifungua ilimwachia maumivu ya kichwa. Akiinuka tu, analia. Hata kahawa yako ya Itaka haikufua dafu. Juzi daktari alimtoa damu mkononi, akaidunga mgongoni mwake ili kuziba tundu la ile sindano. Kichwa kikaacha kuuma, tukashangilia.

Jana nikamkanda kwa maji ya moto, kama ulivyonikanda mimi. Mabegani aliguna. Mapajani akanyamaza. Nikamsifu, "Mdogo wangu, umenishinda kwa uvumilivu."

Akaniuliza, "Dada, kwani umeshafika miguuni?"

Daktari anasema ile damu imebana mishipa ya fahamu, jambo linalowapata wachache sana. Wachache wenyewe ndio sisi. Kesho tunampeleka Mbeya; tukute huko, Mama, nakuombea safari njema. Mapaja yametoka malengelenge, na Neema bado hajui. Mimi siwezi kumwambia.

Mwanao,
Sekela