Mashine ya Kahawa ya Mama Haikurogwa

Sumbawanga,
mwezi wa Julai

Kaka Gaudens,

Shikamoo, na pole na msimu. Najua huko Mbinga saa hizi kila mwenye mikono yuko shambani anachuma, na mgongo wako haujawahi kuupenda mwezi huu. Lile goti limepoa? Wifi Skola kifua chake kinaendeleaje na vumbi la kukaushia? Sisi huku tunapigwa na upepo. Baridi ya Ufipa mwaka huu haina adabu, hata mbwa wanachelewa kuamka. Shemeji yako Kalisto ameshuka Mtowisa kupakia mpunga, na kwa barabara ile sitamtegemea mpaka nimwone mlangoni. Mpwa wako Neema ana mafua. Mimi nimechoka, kaka. Naanza na hilo ili nisizunguke mbuyu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja unasema kumi, halafu unakata. Tena mama akisikia sauti yako anaitaka simu, na nikimpa anakueleza mambo ambayo mimi ndiye ninayebaki kuyajibu. Barua huwezi kuikata. Hata ukiikunja kwa hasira, wifi ataikunjua.

Kwanza mzigo wako. Ile chupa ya dawa ya mganga uliyoipakia kwenye basi, kwamba nimchanganyie mama kwenye kahawa bila yeye kujua, nairudisha. Imo humu humu kwenye mfuko, imefungwa kama ilivyokuja. Nakuheshimu, baba alipoondoka wewe ndiye uliyekaa mahali pake. Lakini sitamnywesha mama kitu nisichokijua, eti kwa sababu mashine ya kahawa imeharibika.

Maana maneno yako yalikuwa hayo hayo, sikuongeza chumvi. "Mashine mpya, nimeinunua Songea kwa mkono wangu, inaharibika mara tatu mfululizo? Na akili ya mama nayo inapotea palepale? Hiyo si bure, Winfrida. Ulimchukua mama ukawapelekea Wafipa mwenyewe." Kisha ukasema hutakanyaga Sumbawanga mpaka nimpe dawa kwanza. Nililia, kama ulikuwa hujui. Sikulia kwa ajili ya mashine.

Kaka, mimi nimeolewa huku. Nawajua Wafipa kwa kula nao na kuzika nao. Wanalima mahindi na ulezi, wanakwenda misa, wanagombania mipaka ya mashamba kama sisi tu. Nilipomweleza Kalisto ulichosema, alicheka mpaka akakaa chini. "Shangazi yangu wa Mwazye alinikataza kuoa Ruvuma," akaniambia. "Alisema huko ndiko kuna wenyewe!" Basi kila mtu na wachawi wake, ilimradi wakae mbali. Alipomaliza kucheka akauliza, "Lakini shemeji atakuja?" Nikajifanya sikusikia.

Sasa tulia nikueleze ile mashine ilivyoharibika. Nina haki ya kueleza, kwa sababu kila mara niliifungua mimi.

Mara ya kwanza ilikuwa maji. Maji yetu hapa ni ya kisima, na birika zote za mtaa huu zina ukoko mweupe ndani. Ukoko huo ulijaa kwenye bomba la mashine. Ikawa inakoroma kama mgonjwa, kahawa inadondoka tone kwa tone, na nusu ya maji yanabaki tangini. Nikakamua ndimu, nikachanganya na maji, nikawasha. Ilipofika nusu nikazima, nikaiacha ilowe wakati napukuchua mahindi, halafu nikamalizia. Vilitoka vipande vyeupe kama maganda ya yai. Nikapitisha maji matupu mpaka uchachu ukaisha, na kahawa ikashuka vizuri kama siku uliyoituma. Mama alikaa pembeni ananitazama. Akasema, "Hata sufuria ya ugali inataka kukwanguliwa, sembuse hiyo." Alikuwa mama yule yule unayemjua. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi naiosha kwa ndimu.

Mara ya pili ilikuwa maziwa. Nilirudi kutoka sokoni kuuza dagaa wangu wa Kabwe, nikakuta nyumba nzima inanuka maziwa yaliyoungua. Mama alikuwa amemimina maziwa kwenye tangi la maji. Utasema mtu yeyote anaweza, maana nyumbani tumekua tunachemsha kahawa na maziwa sufuria moja. Mimi nami nilisema hivyo, nikacheka. Lakini mama ndiye aliyemfundisha Kalisto kuitumia ile mashine, kaka. Wageni wote alikuwa anawaambia, "Humu ni maji tu, maziwa yanangoja kikombeni." Nilipomkumbusha maneno yake akanitazama, akauliza, "Mashine gani?" Kicheko kikaniishia.

Kuitengeneza kulitutoa jasho. Chini ina skrubu zenye vichwa vya ajabu, bisibisi zetu hazikuingia, ikabidi Kalisto aichonge moja kwa tupa. Ndani, bomba la mpira lilikuwa limeziba kwa maziwa yaliyoganda, meusi pembeni, yananuka vibaya. Mle ndani mna kigololi kidogo kinachoruhusu maji kupanda na kuyazuia kurudi. Nacho kilikuwa kimenata. Nililoweka kila kitu kwenye maji ya moto na sabuni, nikasugua bomba kwa unyoya wa kuku. Kwa hiyo ukitafuta manyoya ya kuku kwenye jambo hili, niliyaingiza mimi, na uyaandike jina langu.

Baada ya hapo nilibandika karatasi juu ya kifuniko, nikaandika kwa herufi kubwa MAJI TU. Mama akaisoma kwa sauti, akasema vizuri, amesikia. Siku chache baadaye nikakuta meza inaogelea. Kwenye tangi alikuwa ametia maji, hakukosea. Kwenye chujio, mahali pa kahawa, alikuwa ametia unga wa ulezi. Hiyo wala siiti kuharibika, niliosha tu. Lakini nilikaa kwenye kigoda na chujio mkononi kwa muda mrefu.

Mara ya tatu aliiwasha tupu, hamna maji hata tone, akatoka kwenda kuota jua. Ikajichemsha yenyewe mpaka ikazima. Nikampelekea fundi wa redio pale sokoni. Akanionyesha fyuzi ndogo kama punje ya mpunga, akasema hiyo ndiyo inayokufa joto likizidi ili nyumba isiungue.

"Niunganishe waya moja kwa moja, dada?" akaniuliza. "Itawaka tu, fyuzi ya nini."

Nikamwambia, "Hiyo fyuzi ndiyo imeniachia paa. Weka nyingine."

Akaweka, akailehemu, na joto la kulehemu likaiua hapo hapo kabla hata hatujaijaribu. Tulicheka wote wawili. Ya pili hakulehemu, aliibana kwa plaizi. Mpaka leo inafanya kazi.

Basi hizo ndizo mara tatu zako. Ukoko, maziwa, na kuwashwa tupu. Kila moja nimeiona kwa macho na kuishika kwa mkono. Aliyeroga mashine hayupo.

Na lile la nne, ambalo najua ndilo lililokuuma zaidi. Mama alikwambia, "Winfrida ananinyima kahawa, na akinipa anaitia dawa." Kaka, kahawa anakunywa. Anakunywa, anaosha kikombe, anakianika, kisha anauliza mbona leo hatujanywa. Nikimwambia amekunywa anaona namdanganya, maana kikombe kikavu anakiona. Na siku hiyo aliyosema dawa, alikuwa sawa kabisa kwamba kuna kitu. Ilikuwa ndimu. Nilikuwa na haraka, sikuisuuza mashine vya kutosha. Alionja akakunja uso palepale. Ulimi wake haujasahau kitu, kahawa ya shamba letu anaijua ikiguswa hata kidogo. Ndimu yangu hiyo ndiyo iliyokupeleka kwa mganga.

Nimempeleka hospitali. Daktari amekaa naye, amemuuliza maswali, amempima. Anasema ni ugonjwa wa kusahau, unawapata wazee Mbinga, unawapata Ulaya. Hauna dawa ya kuumaliza. Anasema tusibishane naye, tusimhamishehamishe, asiachwe peke yake. Akaniuliza nani anapokezana nami. Nikasema, "Kaka yangu." Nilisema bila kufikiri, na mpaka leo sijarudi kusahihisha.

Hivi ndivyo ninavyoishi. Mashine naiweka juu ya kabati na waya wake naufunga. Moto nikiukoka sigeuki. Sokoni nakwenda nusu siku, wateja wangu wengine wamehama. Mama akitoka nje ananiuliza nani amekata mikahawa, nami nazunguka naye nyuma ya nyumba tukiitafuta kwenye mabua ya mahindi. Anachoka, anakaa, mimi namaliza kuzunguka peke yangu ili aone nimetafuta. Siku hizi anasema Kimatengo kitupu. Neema haelewi, anakimbilia kwangu, "Mama, bibi anasemaje?" Nikiwa sokoni anakaa naye bibi jirani, Mfipa wa watu, mjane, ambaye hata Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Mama anasema Kimatengo, yule anajibu Kifipa, wanapukuchua mahindi mpaka jua linazama na hawajawahi kukosana. Mimi ninayemwelewa ndiye ninayegombezwa naye. Yule bibi hajawahi kuniomba kitu. Wiki iliyopita mama alijichafua, nilirudi nikakuta yule bibi ameshamwogesha na kumvisha kitenge chake mwenyewe. Ukija nitakupeleka umshukuru. Huyo ndiye unayemwogopa.

Sisemi umchukue mama moja kwa moja, daktari amekataza kumhamisha ovyo. Nasema njoo. Uvunaji ukipungua, mwachie kijana wako mkubwa shamba, panda basi. Ukae hapa, umwangalie, nami nilale. Usiku naamka kila mama akigeuka kitandani. Siku moja nilisinzia nimesimama napima dagaa, mteja akaniamsha. Nahitaji mtu wa kunipokea, kaka, na mama ana watoto wawili tu.

Wifi Skola mwambie ile kahawa aliyokaanga safari hii ni nzuri kuliko zote, ila asiisage laini sana, inaziba chujio. Baba mdogo Osmund, mkubwa wetu aliyebaki, mpe shikamoo yangu na umsomee barua hii yote, usiruke. Shangazi Kandida, aliyenisimamia ubatizo, mwambie aniombee subira. Watoto wako wote nawabusu.

Nilitaka kufungia hapa. Lakini wakati naandika mama amekuja akakaa karibu yangu, akaniuliza namwandikia nani. Nikasema, Gaudens. Uso wake ukafunguka. Akasema, "Mwambie asichume mbichi. Gaudens ana pupa, anachuma na za kijani." Kweli si kweli? Wewe bado anakujua, kaka, mpaka na kasoro zako.

Kisha akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mwenyeji wake, akasema, "Na wewe, mwanangu, unaitwa nani?"

Nikamwambia, Winfrida.

Akafurahi sana. "Mimi nina binti anaitwa hivyo hivyo," akasema. "Aliolewa mbali, Sumbawanga huko. Kama bado una karatasi, mwandikie na yeye. Mwambie mama yake hajamsahau."

Njoo, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Winfrida