Muti wa Soko la Wamaza Ulikuwa Mutupu Ndani

Papa,

Keti vizuri huko uliko, leo niko na habari! Ule muti mukubwa wa soko, ule wewe ulitukataza kukaa chini yake, umeanguka. Upepo ulipiga mara moja, muchana kweupe, ukalala juu ya vibanda. Haikuwa siku ya soko, hakuna mutu aliyeumia.

Lakini sikia ubaya. Kesho yake ndugu yako Sefu akasimama mbele ya watu, akasema Mama ndiye aliutuma ule upepo kwa uchawi. Ati, "Upepo umeacha miti midogo yote, umechagua mukubwa? Huo ni upepo wa kutumwa!" Anaitaka nyumba yako, kila mutu anajua. Wakamuambia Mama ahame siku ile ile. Mama, Papa! Hata matanga yako hayajapoa.

Nikachukua shoka lako, nikagonga shina kwa mugongo wa shoka, vile ulinifundisha. Muti muzima unajibu sauti fupi, nzito. Huu ukalia kama ngoma! Nikaupasua. Papa, ndani hakuna muti! Unga mwekundu, muchwa, na shimo la kuingia mbuzi. Mizizi ilikuwa imeoza, nikaivunja kwa mukono mbele yao. Nikawaambia, miti midogo inainama, upepo unapita. Huu uko na matawi mazito juu, chini ganda tupu, ungesimama na nini?

Na shimo lilianzia wapi? Kwenye sehemu ya shina iliyoungua makaa! Pale pale Sefu anawashaga moto kila mwaka kufukuza nyuki, apate asali. Moto ulifungua shina, maji ya mvua yakaingia, kuoza kukaanza. Mama mumoja muuza mihogo akapaza sauti: "Sefu, basi mulozi ni wewe na asali yako!" Wee! Soko zima likacheka. Mimi nilicheka huku nalia.

Chefu wa kijiji akakata maneno: Mama anabaki. Anabaki, Papa!

Kesho watu wa shule ya misioni wananiita nigonge miti yao yote. Wamesema, "Muite fundi." Fundi, Papa, si tena mutoto wa fundi! Laiti ungesikia.

Pumzika sasa. Nyumba uliyomujengea Mama, hakuna mutu atamutoa mule nikiwa hai.

Binti yako,
Aziza