Achari Yako Nimeikuta Guangzhou

Mama Salma, mke wangu,

Salamu za mvua. Leo nimeutembea mji kwa kivuko cha bei chee, nikakodolea macho maghorofa mpaka shingo ikauma. Njaa ikanipeleka mtaa wa Xiaobei, kwa yule Mchina wa tambi unayemsifia kila ukirudi safari. Nilipomwonyesha picha yako kwenye simu akachekelea, akatoa chini ya meza chupa ya achari ya ndimu, mdomo umefungwa kipande cha kanga yako ya buluu. Mimi uliniambia imekwisha! Basi nimeila yote mbele yake, machozi yakinitoka. Yeye alidhani ni pilipili.

Nibusie watoto. Na ndimu nizikute juani.

Mumeo bado,
Baba Salma