Sanduku la Chini ya Kitanda

Makongeni,
Thika.
14 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Bedan,

Habari ya huko Doha? Natumai uko salama na joto halijakumaliza. Kile kifua chako kilipona? Unakula chakula cha maana, ama bado ni ule mchezo wako wa chai na mkate? Huku tunapumua tu. Mama magoti yanamsumbua na baridi ya Juni, lakini anatembea mwenyewe na kanisani hakosi.

Nimeshika kalamu kwa sababu nikikupigia hushiki, na meseji unasoma unanyamaza. Emmah wa kina Ngendo alikuwa huku likizo na anarudi huko Doha wiki hii. Nimemwambia akuwekee hii mkononi.

Mdogo wetu Kiama ako ndani, rumande. Najua ulisikia, lakini acha nikuambie vile ilienda. Polisi waliingia ile ploti ya vyumba vya kupanga ya Mwihoko wakitafuta mtu mwingine kabisa, wakapita mlango kwa mlango. Kwa chumba ulichomwachia Kiama ukisafiri, walivuta lile sanduku la bati chini ya kitanda wakavunja kufuli. Chini ya blanketi zako kulikuwa na bangi imefungwa na magazeti. Kiama alikuwa amesimama hapo na mwiko wa ugali mkononi.

Unalijua hilo sanduku. Ulisoma nalo bodingi, kisha Kiama akasoma nalo, ndio Baba akafuta jina lako akaandika la Kiama kwa rangi nyeupe. Ulipohamia Mwihoko ulilichukua tena na jina likabaki. Polisi alilisoma, akauliza Kiama ni nani, na huyu mtoto wetu akaitikia. Bedan, ni mwandiko wa Baba unamfunga ndugu yetu. Ngai, siku hizi hata ile Biblia Baba aliandika majina yetu siwezi kuifungua.

Kutafuta wakili kulitutoa jasho. Nje ya korti jamaa mmoja wa suti alituambia Kiama akubali makosa, mambo yaishe. Kumbe si wakili, ni dalali tu. Mzee mmoja wa kanisa naye akatushauri vivyo hivyo, eti aibu ipungue. Karibu tuwasikilize. Mwishowe Becky wa kwaya alitupeleka kwa wakili Mutheu hapa Thika mjini, na kabla ya kitu kingine tulihakikisha ako na leseni ya mwaka huu.

Mutheu alimwambia Kiama akane mashtaka, na asiandikishe chochote kwa polisi bila yeye kuwa hapo. Alitueleza polepole kwamba kitu kupatikana kwa nyumba yako hakutoshi. Lazima upande wa mashtaka uonyeshe ulijua kiko hapo na ulikuwa na uwezo juu yake. Na kwa vile hiyo bangi ilikuwa nyingi, wanataka kusema ni biashara, na hiyo ni miaka mingi jela. Kiama alimwambia hajawahi kufungua hilo sanduku, kwa sababu Mama alikataza mtu kugusa vitu vya mtu amesafiri. Alipoulizwa ufunguo uko na nani, yeye akauliza magoti ya Mama yanaendeleaje.

Nilienda kupiga deki kile chumba. Pale sanduku lilikaa kumebaki alama kwa simiti. Nimesugua na brashi na haitoki. Benta wa mlango wa pili aliniambia yeye husikia kitu kikivutwa humo ndani, mchana, na mlango umefungwa kufuli kwa nje. Majirani bado wanapaita kwa Bedan. Nilitoka bila kumaliza, na sitaki kurudi peke yangu.

Kanisani wakiuliza Kiama, Mama anasema amesafiri. Sasa ana vijana wawili wamesafiri, na anawaombea kwa pumzi moja.

Kesi inasikizwa tarehe tatu Julai. Ndugu yangu, ufunguo uliondoka na wewe. Kama kuna mtu alikuwekea hiyo kitu, sema ni nani. Kama ni yako, sema. Nina hasira na wewe na bado nakupenda, na sijui niweke gani mbele. Namba ya Mutheu iko nyuma ya bahasha.

Jana nilimuuliza Mama nikuandikie nini. Aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Mwambie nitasimama mbele ya hakimu," akasema. "Wote wawili nimewazaa mimi. Lakini nitasema sanduku lilikuwa la nani."

Philip mume wangu anakusalimia, na Becky pia. Mama hakutuma salamu, anangoja sauti yako. Kiama tulimwona rumande Jumatano, amekonda. Anakusalimia sana. Alisema nikuambie usiogope, hajataja jina lako kwa mtu yeyote.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe nguvu ya kushika simu.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata sasa,
Njambi.