Mtamba Aliyekula Maua ya Ngome

Falkenegg, 21 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Naomba barua hii ikukute unalikunja bila kumgombeza daktari. Sisi huku wazima. Mama anasema uji wa hospitali umalize, usimpe mgonjwa wa kitanda cha pili.

Ulipolazwa ukaniachia ng'ombe kumi na wanane kule mlimani, uliniambia neno moja tu: nirudi nao wote. Akipotea hata mmoja, kundi zima halivai mataji ya maua ya siku ya kushuka. Tungepita chini ya ngome kengele zimezibwa kwa nyasi, na watu wamevua kofia kama mazishini.

Basi Baba, siku moja kabla ya kushuka nikahesabu kumi na saba. Perle hayupo! Mtamba wako kipenzi! Nilimwita makorongoni mpaka sauti ikakauka. Habari zilipofika mjini, jirani yetu Zenzi akatangaza mbele ya duka la mikate kwamba ndiyo faida ya kumpa msichana kundi, na Mama asihangaike kukata matawi ya kusukia mataji. Mama akamjibu kwamba angeyakata kwa ulimi wa Zenzi, maana kisu chetu ni butu.

Mimi nililia, sikufichi.

Asubuhi, nikiwa nimeshaziba kengele tisa, akatokea Vigil, mtunza ngome, anahema na kucheka. Akaniuliza kama kuna mtu amepoteza mla maua. Kumbe Perle alikuwa uani kwao, amekula maua yote mekundu ya sherehe, kabakiza vyungu!

Weee! Nilichomoa nyasi zile mpaka kucha zikauma. Tukawavika wote. Tulipopita lango la ngome, kengele zililia hadi njiwa wakahama mnara. Zenzi alisema ng'ombe wamenona, na kwake hiyo ni sifa ya mwaka mzima. Nilifurahi, Baba, nikatamani ungekuwepo.

Sasa kaa vizuri. Perle hakupotea. Lango la malisho nililiacha wazi mimi, nikimsindikiza Vigil. Kila Jumamosi alipanda na chumvi mfukoni, eti ya ng'ombe. Perle akaifuata chumvi hadi kwao. Nisamehe. Vigil ameniposa, nami nimemwambia kwanza Baba aseme. Najua wewe na baba yake hamsalimiani tangu alipokufungia njia ya ngomeni, lakini safari hii ni mzee huyo mwenyewe aliyetufungulia lango, akavua kofia na kuulizia goti lako. Nampenda Vigil, Baba.

Ukikataa nitatii, ingawa nitalia tena. Perle ndiye siwezi kumsemea. Leo nimemkuta tena langoni kwa kina Vigil, na safari hii aliyeacha zizi wazi ni Mama.

Pona haraka. Jibini la kwanza tumekuwekea, na hakuna atakayelikata kabla yako.

Ni mimi binti yako mchunga ng'ombe,
Burgl